Viatu Vinavyotazama Ndani

Asubuhi vizibo vilikuwa sitini na nne. Saa sita mchana vikawa sitini na tatu, na Fundi Turdali akavihesabu mara tatu kwenye kreti, kimoja kimoja, kabla hajafungua mdomo.

"Kimoja hakipo."

"Hesabu tena," alisema Holmurod, mwenzake wa kazi kwa miaka thelathini, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umeshashika sambusa.

"Nimehesabu."

"Basi asubuhi ulikosea."

"Asubuhi ulihesabu wewe."

"Si ndo nakwambia kuna makosa!" Holmurod akacheka peke yake, makombo yakimrukia kifuani.

Turdali hakucheka. Nyie mnaobonyeza swichi ukutani na kununa taa zikififia, hamjui kizibo ni nini, na wala si kosa lenu. Juu kabisa ya bwela namba nne, tanuri la kuchemshia maji la kituo cha umeme cha Chiroqtepa, mita arobaini kutoka ardhini, limelala pipa la chuma refu kuliko basi, ukuta wake una unene wa kiganja. Humo ndimo maji yachemkayo huachana na mvuke. Chini yake yananing'inia mabomba yanayoshuka hadi kwenye moto wa gesi. Mafundi wakiingia pipani kwa matengenezo, kwanza huziba vinywa vya mabomba kwa vizibo vya mti, hata punje ya kutu isidondokee humo, na wakimaliza huvitoa na kuvihesabu. Kikisahaulika kimoja, bomba lake hukosa maji, na bomba lililokosa maji mbele ya moto ule halimalizi siku.

"Nendeni mkale," Turdali alisema. "Nakitafuta mwenyewe."

"Utakuta sambusa zimeisha."

"Utaniachia. Usiponiachia, wallahi nitamwambia mkeo nani alivunja lile birika."

Holmurod akashuka ngazi akiguna, na vijana wa zamu wakamfuata. Turdali akabaki peke yake mbele ya tundu la pipa, tundu la kupita mabega ya mtu na si zaidi. Tundu la upande wa pili lilikuwa limefungwa tangu jana.

Alimwaga mifuko yake kama desturi ilivyotaka: simu, funguo, sarafu, hata kofia, maana kitu kikidondoka pipani kimedondoka bombani. Alivisokomeza vyote katika koti, akalitundika koti kwenye kabati la orofa ya chini, na buti zake akaziacha humohumo. Mfukoni mwa koti hilo ilikuwemo pia kadi yake mpya ya kazi, ile yenye picha iliyomtoa kama mtu aliyeibiwa kuku. Kanuni mpya zilisema anayeingia pipani atundike kadi kwenye ndoano kando ya tundu. Turdali hakuwahi kuitundika hata siku moja. Yeye alikuwa na viatu.

Vilikuwa viatu vyekundu vya mpira, vile vya kuvalia juu ya viatu vingine wakati wa tope, vimekaa pale jukwaani mbele ya tundu kwa zaidi ya miaka arobaini. Vikichanika, fundi mmoja huleta vya nyumbani kwake, na hivi vya sasa vilikuwa vya Turdali. Hakuna aliyevivaa. Ukiingia pipani unavielekeza tunduni, ukitoka unavigeuza vielekee ngazi. Vikitazama tundu, mtu yumo. Vikitazama ngazi, mtu katoka, fungeni. Miezi miwili nyuma, watu wa usalama walipokuja na madaftari kuandika taratibu zote upya, Turdali aliwaambia, "Andikeni za kwenu. Viatu si vya kuandikwa." Wakacheka, naye akacheka, na haikuandikwa.

Basi akavielekeza tunduni, sawasawa, akavaa taa mpya ya kichwani, akajaza pamba masikioni kwa sababu ya ile mashine iliyokuwa ikikita nguzo za zege kwenye kiwanja cha jirani, akaingia na soksi.

Kituo kizima kilikuwa kinafanywa upya, na hapo ndipo penye kidonda. Kiwanjani ilikuwa ikisimamishwa mitambo mipya ya gesi, ambayo walisema itatoa umeme maradufu kwa gesi ileile. Mabwela manne ya zamani yaliachwa yaendelee, lakini yakavalishwa vipimo vipya, na ule ukuta wa mishale na vioo katika chumba cha kuongozea ukang'olewa, zikawekwa skrini sita. Penye watu arobaini sasa walihitajika kumi na wawili. Mashine mpya hazili sambusa, alisema Holmurod. Orodha ya watakaobaki ingebandikwa Ijumaa, na siku hii ya kizibo ilikuwa Jumatano.

Kwetu mgeni akiaga, mwenyeji humgeuzia viatu mlangoni, vidole vielekee njia, asipate tabu ya kuinama na kujizungusha. Ni heshima kubwa. Na kwa kuwa binadamu hana dogo, heshima hiyohiyo tukaifanya kejeli: mtu akifukuzwa kazi, tunasema kageuziwa viatu. Wiki hizo kituoni hapakuwa na salamu nyingine. "Vipi, vyako bado vinatazama ndani?" "Bado, sijui kesho."

Aliyeijua orodha ni Muhayyo, mkaza mwana wa Turdali, na Turdali alijua kwamba anaijua. Muhayyo alisomea Tashkent, akaajiriwa kwenye skrini hizo mpya, na meza yake ilipakana na ya Injinia Bahrom aliyeiandika orodha. Mumewe, Oybek, mwana wa pekee wa Turdali, alikuwa mwaka wa nne Korea akikaza nati za magari, akituma fedha mwezi mmoja na visingizio miezi miwili. Mshahara wa Muhayyo na wa baba mkwe wake ndio ulioilisha nyumba: Turdali, mkewe Hosiyat, Muhayyo na binti yake mdogo. Siku tisa Muhayyo alikuwa akimimina chai bila kuinua macho kutoka kwenye birika. Turdali naye hakuuliza. Angemuuliza vipi, na mtoto wa watu keshatia saini ya kutunza siri? Lakini kimya kile kilimkaba. Alikuwa na hakika: angekuwa na habari njema, yule binti asingeweza kuificha hata robo siku.

Haya ndiyo aliyokuwa akiyatafuna huku akitambaa. Ndani ya pipa huwezi kusimama wima. Kuna safu mbili za madude ya kuchujia mvuke, kushoto na kulia, na katikati kipenyo cha kupita mtu mmoja kwa tumbo. Alipekua upande wa kushoto wote, hakuna. Alipokuwa katikati alihisi hatua nyepesi jukwaani, akatoa pamba ya sikio moja, akasikia karatasi ikibanduliwa na mtu akiimba kwa pua. Alimtambua. Muhayyo alikuja kubandika vibandiko kwenye kipimo kipya cha pipa. Turdali hakumwita. Baba mkwe kulala kifudifudi matako juu, aanze kumpigia mkaza mwana kelele kutoka tunduni? Akasubiri mpaka hatua zikaondoka, akarudisha pamba, akaendelea.

Kizibo alikipata mwisho kabisa wa pipa, kimejificha nyuma ya mguu wa chujio. Alikivuta kwa ncha za vidole, akakibusu.

"Mwanaharamu wewe," alikiambia kwa mapenzi. "Sitini na nne."

Ndipo akaona kwamba kule tunduni hakuna mwanga.

Mwanzo alidhani mtu kasimama tunduni. Alitambaa haraka, magoti yakigonga chuma, akafika, akanyoosha mkono, na mkono ukakuta kifuniko. Akaweka viganja vyote viwili. Kupitia chuma alihisi nati zikikazwa, moja, ikatulia, ya pili.

"Holmurod!" alipiga kelele. "Oyaa! Holmurod! Nimo!"

Nje, mashine ya nguzo ikapiga. Akagonga kwa ngumi, akagonga kwa kizibo, na kizibo cha mti juu ya chuma kile ni kumpiga tembo kwa ufagio. Hakuwa na nyundo, hakuwa na ufunguo, hakuwa na hata sarafu. Mifuko alikuwa ameimwaga mwenyewe, kwa ustaarabu wote. Zamani angalau taa ilikuwa na waya unaopita tunduni, na kifuniko kisingefungika bila kuukata. Sasa wamewapa taa za kichwani, za kisasa, hazina waya.

Hatua nzito zikateremka ngazi, akazihisi kupitia chuma mpaka zikaisha.

Alikaa kitako akahema. Saa tisa kamili bwela lingejazwa maji kwa majaribio ya shinikizo, na kabla ya hapo watu wote huondolewa kwenye jengo, asibaki hata mfagiaji. Hilo alilijua kwa sababu kanuni hiyo aliisimamia yeye.

Sasa Holmurod kafungaje? Holmurod anaweza kusahau jina la mkewe, lakini viatu hasahau. Asingefunga pipa viatu vikitazama tundu, hata angeamriwa na waziri. Na asingejiuliza habari za kizibo, maana Turdali hawezi kugeuza viatu kabla hajakipata. Kwa hiyo viatu vilikuwa vimegeuka, na viatu havijigeuzi. Aliwaza hatua zile nyepesi, ule wimbo wa puani, na akajua.

Kila alfajiri kwa miaka mitano, Turdali akifungua mlango, alikuta viatu vyake vimegeuzwa kuelekea lango, vimepanguswa, visigino vimegusana. Hosiyat hakumfundisha Muhayyo jambo hilo, alikuja nalo kutoka kwao. Binti ambaye akiona viatu vya baba mkwe mlangoni vinatazama ndani, mkono hutangulia akili.

"Lo!" alisema kwa sauti gizani. "Adabu gani hii ya kuua mtu!"

Akacheka, na kicheko kikamrudia kutoka upande wa pili wa pipa, kibaya, akanyamaza. Halafu akaogopa. Aliogopa kweli, mwanamume wa miaka hamsini na tisa. Alipiga kelele tena hadi koo likawaka. Alilala chali akasukuma kifuniko kwa miguu, akijua wazi ni upuuzi, maana wenyewe waliokitengeneza walikusudia kisisukumike. Alisoma sura zote alizozijua, na nyingine akazichanganya. Alimtukana Bahrom, akamtukana Holmurod, akaitukana Korea. Muhayyo alishindwa kumtukana. Kila akijaribu, alimwona amechuchumaa pale jukwaani akivipangusa vile viatu kwa upindo wa koti lake la kazi.

Na hilo ndilo lililomkaba kuliko giza. Akifa humu, kesho watauliza nani aligeuza viatu. Yule binti atajua. Atabaki katika nyumba ile na Hosiyat na mtoto, akijua, miaka arobaini.

Taa ya kichwani ikaanza kufifia, akaizima kuitunza. Mashine ya nguzo ikanyamaza kama kila siku, akajua ni saa nane na nusu. Alipiga kelele katika ukimya ule hadi akaishiwa pumzi. Watu walikuwa wameshaondolewa.

Maji aliyasikia kabla hayajafika. Kwanza upepo vuguvugu ulipanda kutoka kwenye vinywa vya mabomba ukampuliza usoni, wenye harufu ya dawa. Kisha, mbali chini, guruguru. Aliwasha taa. Vinywa sitini na nne wazi, na yeye ana kizibo kimoja. Alikitazama akataka kukitupa, lakini mkono ukakataa.

Hapo mwanga wa taa ukapita juu ya vitundu viwili.

Vilikuwa kwenye ukuta wa mwisho, kimoja karibu na kitako cha pipa, kingine juu, vya kuingia kidole. Mafundi wa kigeni walivitoboa mwezi uliopita kwa ajili ya kipimo kipya cha kimo cha maji, na Turdali aligombana nao siku nzima. "Pipa langu mnalitoboa kama filimbi!" Jioni ile, nyumbani, Hosiyat aliuliza kipimo chenyewe ni nini, na Muhayyo akamweleza kwa birika na mrija wa juisi ya mtoto: mama, kitundu cha chini kinasikia uzito wa maji, cha juu kinasikia mvuke, kifaa kinatoa tofauti, mimi naiona kwenye skrini, ni chepesi hata ukikipulizia kwa mdomo kinastuka. Turdali alikuwa kando amenuna, akijifanya anasoma gazeti.

Alitambaa, akalala ubavu, akaweka midomo kwenye kitundu cha chini, akapuliza kwa nguvu zake zote. Akasubiri, akapuliza tena.

Kisha akaacha, maana alikumbuka Injinia Bahrom. Bahrom alikuwa na msemo mmoja kwa kila kifaa kipya kilichotoa namba za ajabu: "Kina utoto, kitakua." Mstari utaruka kwenye skrini, Bahrom atasema kina utoto, wataupuuza, wataendelea kujaza. Kupuliza tu hakutoshi. Yapasa apulize kitu ambacho Bahrom hakijui.

Kwetu baba mkwe haingii uani kwake kimyakimya. Hukohoa langoni, ili mkaza mwana aweke kilemba sawa au ashushe mikono ya gauni. Kila mzee ana kikohozi chake. Cha Turdali kilikuwa viwili vifupi, kituo, kimoja kirefu. Muhayyo alikisikia kila jioni kwa miaka mitano, na kabla kile kirefu hakijaisha, birika lilikuwa jikoni.

Akaweka midomo kwenye kitundu. Kifupi, kifupi. Kituo. Kirefu. Akavuta pumzi. Kifupi, kifupi. Kirefu.

Maji yakachungulia vinywani yakaanza kutambaa sakafuni. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kuoshea maiti, na Turdali alilifukuza wazo hilo kwa kukohoa tena. Yakafunika soksi, yakafika mapajani, na kitundu cha chini kikameza maji, akapuliza mapovu. Akapiga magoti, akahamia cha juu. Kifupi, kifupi, kirefu. Kizunguzungu kikamshika, nyota zikamwaka machoni. Maji yalikuwa kiunoni. Akafikiri: labda yuko chooni. Labda wamempa likizo. Labda kaona, na hajui ni nini, kwa nini ajue, nani akutane na kikohozi cha mkwewe kwenye skrini? Kifupi. Kifupi. Kirefu. Maji yalikuwa kifuani.

Halafu guruguru likakoma.

Hakuamini, akaendelea kupuliza. Aliacha tu alipoona maji yanashuka kifuani, yakaacha mstari wa unyevu kwenye shati lake. Alikaa humohumo akalia kwa sauti, na hakujali.

Nati zilipofunguliwa, kitu cha kwanza kutoka tunduni kilikuwa mkono umeshika kizibo.

"Sitini na nne," Turdali alisema.

Holmurod alipiga magoti kwenye jukwaa akawa anaukumbatia ule mkono na kizibo chake. "Nimekuua! Ndugu yangu, nimekuua! Viatu vilitazama ngazi, haki ya Mungu vilitazama ngazi! Nikaita, 'Yumo mtu?' Hukujibu!"

"Nilikuwa na pamba, mjinga wewe. Sambusa yangu iko wapi?"

"Nimekula," Holmurod akasema, akaangua kilio upya.

Nyuma yake alisimama Muhayyo, kilemba kimepotea, amepanda ngazi za mita arobaini kwa miguu. Hakuwa akimtazama baba mkwe wake. Alikuwa akivitazama vile viatu vyekundu, visigino vimegusana, na Turdali akaona usoni mwake dakika ileile alipoelewa.

Kikao kilifanyika siku hiyohiyo, saa kumi na moja, ofisini kwa Injinia Bahrom. Walikuwa watu wanne na kinasa sauti. Bahrom, ambaye rangi haikuwa imemrudia, alieleza mwenyewe kwamba mstari uliporuka alisema kifaa kina utoto, na kwamba Muhayyo alimsukuma kiti, akapiga kitufe cha kusimamisha pampu bila kuomba ruhusa ya mtu. Holmurod akaeleza habari ya viatu, akaapa mara saba.

"Sasa," Bahrom alisema, "kama mzee Turdali aliviacha vikitazama tundu, na Holmurod kavikuta vikitazama ngazi, nani aliyevigusa? Aliyevigusa ataondoka hapa leo, na huenda akaonana na mwendesha mashtaka. Viatu havijigeuzi."

Muhayyo aliinua kichwa. Midomo yake ikafunguka.

Turdali akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Miaka mitano si mchezo. Binti akainamisha macho, mkono ukamwendea kichwani wenyewe kuweka sawa kilemba kisichokuwepo, na midomo ikafungwa.

"Niligeuza mimi," Turdali alisema. "Niliviweka vibaya wakati wa kuingia. Akili ilikuwa kwenye kizibo. Na kadi sikuitundika, iko kwenye koti, kaangalieni. Uzee, injinia. Andika hivyo."

Bahrom aliweka kalamu mezani. "Mzee, unajua maana ya unachosema?"

"Mimi si mtoto wala kifaa chako. Andika."

Ikaandikwa. Akatia saini, akarudisha ile kadi yenye picha ya mtu aliyeibiwa kuku.

Muhayyo alimfuata Turdali akamkuta koridoni.

"Baba, kadi haikuwepo kwenye ndoano. Nikajua hakuna mtu. Nikaona viatu vyako tu. Baba, kwa nini umeninyamazisha?"

"Mtoto wako anakula kwa mshahara gani? Wa Korea?" Akajaribu kutabasamu. "Mimi Ijumaa ningeondoka tu. Nimewahi siku mbili. Jungu kuu limebaki ukoko, basi."

Yule binti akaziba uso kwa mikono.

"Jina lako lilikuwemo kwa watakaobaki, baba. La kwanza kabisa. Siku tisa nimekaa na furaha yangu naogopa hata kukutazama, nisije nikacheka ukajua. Nilikuwa nimetia saini. Na mzee Holmurod hakuwemo, ningekuangaliaje usoni?"

Turdali alihisi pipa lile limemfunga upya, hapo koridoni, mchana kweupe, na safari hii hapakuwa na kitundu. Miaka thelathini na sita ya kazi. La kwanza kabisa.

"Holmurod hakuwemo?" aliuliza mwisho.

"Hakuwemo."

"Basi sasa yumo, kwa nafasi yangu," alisema. "Na asijue milele, maana atalia tena, na mimi sina nguvu za kumbembeleza."

Alfajiri ya Alhamisi aliamka saa ileile. Mwili hausomi barua za kufukuzwa. Alivaa koti la kazi, akafunga vifungo vyote, akafika mlangoni ndipo akakumbuka hana pa kwenda. Akafungua mlango hivyohivyo, kwa ukaidi.

Viatu vyake vilikuwa kizingitini, vimepanguswa, visigino vimegusana. Lakini havikutazama lango. Vilitazama ndani ya nyumba, kama alivyovivua jana usiku.

Muhayyo alikuwa uani ananyunyiza maji kabla ya kufagia, macho mekundu. Aliacha ndoo. Juu ya paa la jirani, bomba la moshi la bwela namba nne lilikuwa limeanza kutoa mvuke mweupe.

"Leo hukunigeuzia," Turdali alisema. Sauti ilimtoka na uchungu ambao hakuutaka.

"Sikugeuza."

"Umesahau, au ndo sina tena heshima ya kugeuziwa?"

Muhayyo akaja mpaka kizingitini, akachuchumaa, akaviweka vizuri zaidi, vidole vikielekea ndani, sawasawa kabisa, kama fundi aliyefunzwa kazi.

"Vinasomeka, baba," alisema. "Mtu yumo. Asifunge mtu."